VERCKYS KIAMUANGANA MATETA: MPULIZA SAKSOFONI ALIYEJENGA NYUMBA YA MUZIKI

1. Utangulizi

Katika vijitabu vya namna hii msomaji amezoea kukuta habari za ndoa na mahari, za mavuno, za majina ya watoto na za ngoma za wazee wetu. Pengine atashangaa kuona tunamletea habari za mtu wa Kinshasa aliyepuliza saksofoni na kuuza diski. Atauliza: hiyo ni mila gani?

Tunamjibu hivi. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo, ya Kinshasa na ya Brazzaville, katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika kwa mkono. Maana yake, ule muziki ambao wazazi wetu walikuwa wanacheza katika nganda za kartye Lumumba, za Sukisa na za Mudzipela, umekuwa sasa mali ya kurithishwa, sawa vile ngoma na hadithi. Lakini kila urithi uko na wenyewe. Na hapo ndipo swali linaanza: wimbo ni wa nani? Ni wa yule aliyeutunga, ama wa yule aliyeuimba, ama wa mwenye gitari na mikrofoni, ama wa mwenye mashine ya kuchapa diski?

Ili tujibu swali hili tumechagua maisha ya mtu mmoja, Kiamuangana Mateta, anayejulikana zaidi kwa jina la Verckys. Tumemchagua yeye juu alisimama pande zote: alikuwa mpigaji wa kulipwa, kisha mkubwa wa orkestra, kisha mtoaji wa diski, kisha mwenye mashine, na mwishoni msimamizi wa haki za watunzi. Hakuna wengi katika inchi yetu waliopita njia hiyo yote.

2. Sauti ya pembe ilikuwako kabla ya saksofoni

Kwanza tuseme kidogo juu ya chombo chenyewe. Saksofoni ilibuniwa na Adolphe Sax, mtu wa Dinant katika Ubelgiji, aliyezaliwa mwaka 1814. Aliiandikisha Paris mwaka 1846. Ni ajabu kidogo kufikiri kwamba chombo ambacho Wamarekani weusi walikitumia kulia kilio chao, na ambacho Wakongo walikitumia kuchezesha watu, kilitoka katika inchi ileile iliyotutawala. Wabelgiji walileta kwetu vyombo vya shaba kwa njia mbili: bendi za askari wa Force Publique na fanfara za misioni. Vijana waliofundishwa kupuliza nyimbo za gwaride na za kanisa ndio hao ambao jioni walitoka na vyombo wakaenda kupuliza mambo mengine.

Lakini tusidhani kwamba watu wetu walianza kupuliza siku walipofika Wabelgiji. Hapa Ituri, Waalur wa upande wa Mahagi wako na agwara, zile baragumu za kupulizwa kwa ubavu. Kila baragumu inatoa sauti moja tu, na ni kundi zima, kila mtu akiingia kwa zamu yake, ndilo linalotengeneza wimbo. Mmoja akikosa zamu, wimbo unatoboka. Wambuti wa msituni wako na molimo, baragumu ya heshima ambayo sauti yake ni sauti ya msitu wenyewe, na hawaitoi nje kwa mchezo. Basi mtu wa kwetu aliposikia saksofoni katika radio hakusikia kitu kigeni kabisa. Alisikia pembe iliyoongezewa vidole.

Kwa upande wa muziki wa mjini, saksofoni na kilarineti zilikuwa zimekwisha kupata waalimu wao mapema. Jean Serge Essous wa Brazzaville alikuwa miongoni mwa walioanzisha OK Jazz mwaka 1956. Isaac Musekiwa, aliyetoka Rodezia ya Kusini, alipuliza katika African Jazz na katika OK Jazz. Manu Dibango wa Kameruni, ambaye dunia ilikuja kumjua mwaka 1972 kwa Soul Makossa, alifanya kazi Léopoldville na Joseph Kabasele mwanzoni mwa miaka ya 1960. Verckys alikuta njia imekwisha kufyekwa. Kazi yake ilikuwa kuipanua.

3. Kijana wa Kisantu na jina lililosikiwa vibaya

Georges Kiamuangana Mateta alizaliwa Kisantu, katika Bas-Congo, tarehe 19 Mei 1944. Mwanzo wake wa kupuliza unahesabiwa katika muziki wa Kanisa la Kimbangu. Msomaji akumbuke kwamba Simon Kimbangu alifia gerezani Elisabethville mwaka 1951, na kwamba kanisa lake halikuruhusiwa na serikali mpaka mwisho wa mwaka 1959. Kwa hiyo kijana huyu alikulia kati ya Wakristo waliokuwa wanajua gharama ya kumwabudu Mungu kwa namna yao. Tutaona mbele kwamba jambo hilo halikupotea katika nyimbo zake.

Jina la Verckys lenyewe liko na hadithi yake. Inasimuliwa kwamba kijana alimpenda sana mpuliza saksofoni mmoja wa Marekani aliyeitwa King Curtis, lakini jina la Curtis lilipofika masikioni mwake, kwa radio na kwa midomo ya watu, liligeuka kuwa Verckys. Akalishika hivyo hivyo, likamfaa maisha yote. Sisi waalimu, ambao kila siku tunasahihisha maneno yaliyosikiwa vibaya, tunaweza kucheka. Lakini namna ile ndiyo vitu vya ngambo vilivyoingia kwetu: vinasikiwa nusu, na nusu ingine tunaijaza wenyewe.

Huyo King Curtis alikuwa nani? Jina lake la kweli ni Curtis Ousley, alizaliwa Fort Worth, Texas, mwaka 1934. Alikuwa bingwa wa R&B, yaani ile bluzi ya Wamarekani weusi iliyoongezewa mdundo wa kuchezeka. Mwaka 1958 alipuliza katika Yakety Yak ya Coasters, na mwaka 1967 katika Respect ya Aretha Franklin. Alitoa diski kwa jina lake, sawa vile Soul Twist mwaka 1962 na Memphis Soul Stew mwaka 1967, akaongoza bendi ya Aretha, akasimamia pia kurekodiwa kwa wengine. Tarehe 13 Agosti 1971 alichomwa kisu mbele ya nyumba yake New York, akafa akiwa na miaka 37. Basi mfano ambao kijana wa Kisantu aliuchagua ulikuwa wa mtu anayepuliza na pia anayekaa nyuma ya kioo cha studio kuamua kazi itoke namna gani. Hata kama jina alilisikia vibaya, kazi aliisikia vizuri.

4. Ndani ya OK Jazz, 1963 hadi 1969

Mwaka 1963 Verckys aliingia katika OK Jazz ya Franco Luambo Makiadi. Alikuwa na miaka 19. OK Jazz wakati ule ilikuwa shule kubwa. Franco alipiga gitari kwa nguvu, kwa kurudia-rudia, mpaka wachezaji wanaingiwa na kitu. Katika muziki wa namna ile mpuliza saksofoni alikuwa na kazi mbili: kusindikiza waimbaji kwa vipande vifupi, kisha, sebene ikifunguka, kutoka mbele na kusema neno lake.

Verckys hakusema kwa upole. Wapulizaji waliomtangulia walikuwa na sauti laini, ya kubembeleza. Yeye alileta sauti nzito, yenye mikwaruzo, inayovuta noti moja mpaka karibu ikatike, kisha inaishusha sawa mtu anayecheka. Hiyo ndiyo sauti ya R&B. Bazee wa kwetu waliocheza wakati ule wangali wanasema kwamba sakso yake ilikuwa inalia sawa mutu. Alikuwa pia mtu wa maonyesho: alipuliza akicheza, akiinama, akiinuka, na watu walikuja kumtazama si kumsikia tu.

Mpigaji mwenye jina hakai kimya muda mrefu. Mwaka 1968, wakati Franco alikuwa Ulaya, Verckys aliwachukua wenzake kadhaa wa orkestra na kurekodi nao nyimbo kwa faida yake mwenyewe. Franco aliporudi, mambo hayakuwa mazuri tena kati yao, na mwaka 1969 Verckys alitoka.

Wengine wanasema alimsaliti mkubwa wake. Sisi tunaona ni lazima tuangalie mambo yalivyokuwa. Mpigaji wa orkestra wakati ule alilipwa kwa kazi ya usiku na kwa kurekodi, basi. Diski ikiuzwa elfu moja ama elfu mia, kwake ni sawa. Vyombo havikuwa vyake, na jina la orkestra halikuwa lake. Kama alitaka mali ya kumfuata uzeeni, ilimpasa avuke upande wa pili wa meza. Verckys alivuka. Wengine wengi walitamani kuvuka na hawakuwa na daraja.

5. Orkestra Vévé

Mwaka uleule wa 1969 alianzisha Orkestra Vévé. Katika miaka ya kwanza aliinua waimbaji watatu vijana: Matadidi Mabele aliyeitwa Mario, Loko aliyeitwa Djeskain, na Saakul aliyeitwa Sinatra. Sauti zao tatu, pamoja na sakso ya mkubwa, zilitengeneza muziki wenye joto: rumba iko chini, lakini juu yake kuna ukali wa Kimarekani, gitari zinakatakata, na mikono ya watu inapiga.

Mwaka 1972 wale watatu walimwacha. Walichukua mwanzo wa majina yao, Ma, Dje na Si, wakaitwa Trio Madjesi, na orkestra yao ikaitwa Sosoliso. Walipata sifa kubwa sana, hata wakamsumbua bwana wao wa zamani. Lile ambalo Verckys alimfanyia Franco, miaka mitatu tu baadaye alitendewa yeye. Hakuvunjika moyo. Alitafuta waimbaji wengine, akaendelea.

Septemba 1974 Kinshasa ilipokea wanamuziki wakubwa wa Marekani kwa tamasha la siku tatu lililotangulia pigano la Muhammad Ali na George Foreman, lililofanyika tarehe 30 Oktoba. James Brown alikuwako. Inasimuliwa kwamba alikwenda kumsikiliza Verckys na orkestra yake, akastaajabu, akamwita Mister Dynamite, jina ambalo watu walikuwa wanamwita yeye James Brown mwenyewe. Tunaileta hadithi hii sawa inavyosimuliwa. Ila jambo moja halina mashaka: wageni wale walifika katika mji ambao tayari ulikuwa unajua muziki wao, na ulikuwa umekwisha kuupika kwa mafuta yake.

6. Nakomitunaka: swali juu ya picha za kanisani

Sasa tuje kwenye wimbo wake ambao ulizungumzwa kuliko nyingine zote. Unaitwa Nakomitunaka, kwa Kiswahili “ninajiuliza”. Ulitoka mwaka 1972.

Tukumbuke wakati wenyewe. Tarehe 27 Oktoba 1971 inchi iligeuzwa jina ikawa Zaire. Mwanzoni mwa 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa. Joseph-Désiré akawa Sese Seko, na jina la Georges likabaki pembeni kwa Kiamuangana. Kardinali Malula aligombana na serikali juu ya mambo hayo, akakaa uhamishoni kwa muda. Ni hapo Verckys alipotoa wimbo unaomuuliza Mungu: mtu mweusi alitoka wapi? Ikiwa wote ni watoto wa Adamu, mbona katika vitabu na picha za kanisa malaika na watakatifu wote ni weupe, na shetani peke yake ndiye mweusi?

Kuna waliosema kwamba wimbo ule ulikuwa wa kuisaidia serikali tu. Ni kweli kwamba ulikwenda pamoja na upepo wa siasa. Ni kweli pia kwamba watu wa kanisa hawakufurahi. Lakini swali lenyewe halikuzaliwa na siasa ya 1972. Mtu aliyeanza muziki kati ya Wakimbangu alikuwa amekwisha kulisikia mbele ya Mobutu kuwa rais. Na kila mkatekumeni wa vijiji vyetu aliyekaa mbele ya picha ya Mikaeli akimkanyaga shetani alikuwa amejiuliza, hata kama hakuthubutu kumuuliza padri.

Tena tuangalie mambo yaliyofuata. Mashahidi wa Uganda walikuwa wametangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na picha zao zilikuwa za watu weusi; lakini hao walitoka ngambo ya mpaka. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili, akiwa Kinshasa, alimtangaza Mwenye Heri Anuarite Nengapeta, bikira wa Wamba aliyeuawa Isiro mwaka 1964. Wamba iko jirani na msitu wetu. Tangu siku ile, katika makanisa mengi ya Ituri, mtoto akiinua macho anaona uso unaofanana na uso wa mama yake. Hatusemi kwamba ni wimbo wa Verckys uliofanya hivyo. Tunasema tu kwamba swali lake lilikuwa swali la haki, na kwamba Kanisa lenyewe lilikuja kulijibu kwa njia yake.

7. Mwenye vyombo ndiye mwenye orkestra

Tumefika katika sehemu ambayo wapenzi wengi wa muziki hawaijui vizuri: Verckys mtoaji wa diski.

Kabla ya uhuru, nyumba za kurekodi Léopoldville zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara Wagiriki na wenzao. Ngoma ilianzishwa mwaka 1948, na ndiyo iliyotoa Marie-Louise ya Wendo. Zilifuata Opika, Loningisa na Esengo. Mwenye nyumba alinunua vyombo, aliwalipa wapigaji, na diski zikauzwa mpaka Afrika ya Magharibi na ya Mashariki. Karibu na uhuru Kabasele alijaribu kuwa na nyumba yake, Surboum African Jazz. Franco naye alikuwa na alama zake za diski. Verckys aliichukua njia hiyo na kuifanya biashara ya kila siku, kwa jina la Éditions Vévé.

Namna ilivyofanya kazi ni hivi. Vijana wako na sauti nzuri na nyimbo mpya, lakini hawana hata gitari moja. Mwenye feza anawapa gitari, ngoma, vikuza sauti, mahali pa kujizoeza, na saa za studio. Nyimbo zikitoka, zinatoka kwa alama yake. Diski ya mizunguko 45 ilikuwa na sura mbili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili sebene ya kucheza. Ikipendwa, mwenye alama anarudisha feza yake na faida juu. Vijana nao wanapata jina, mshahara kidogo, na nafasi za kupiga katika nganda.

Kwa njia hiyo Verckys aliwainua Bella Bella ya ndugu wawili Soki, akamsaidia Nyboma na Lipua Lipua, akatengeneza Orkestra Kiam, ambayo jina lake lilikatwa kutoka jina lake mwenyewe. Mwaka 1981 alikuwa nyuma ya Langa Langa Stars ya Evoloko na wenzake, na mwaka 1982 alimsaidia King Kester Emeneya alipoanzisha Victoria Eleison. Mtu akikusanya diski zilizochezwa katika Zaire kati ya 1972 na 1985, atakuta alama ya Vévé tena na tena.

Lakini kuna upande mwingine. Ile gitari aliyopewa kijana ilibaki gitari ya bwana. Mwimbaji akikasirika na kutaka kwenda, alitoka mikono mitupu. Jina la orkestra, vyombo, na mara nyingi nyimbo zilizorekodiwa vilibaki nyuma. Ndiyo maana orkestra za Kinshasa zilikuwa zinavunjika kila mwaka na kuzaa orkestra zingine: si majivuno ya vijana peke yake, ni kwamba mwenye kisu kikali ndiye aliyekula nyama. Verckys, aliyetoka OK Jazz juu hakutaka kuwa mtumishi, alikuja kuwa na watumishi wengi. Hatumhukumu. Bila yeye wengi wao wasingesikiwa hata mara moja. Tunaonyesha tu kwamba wenye nyumba waligeuka rangi, lakini sheria ya nyumba haikugeuka sana.

8. Mashine, uporaji, na haki ya mtunzi

Baada ya Zairianizasio ya tarehe 30 Novemba 1973, Franco alipewa mwaka 1974 usimamizi wa MAZADIS, kiwanda cha kuchapa diski. Verckys alijenga vyake. Mwaka 1978 alifungua Vévé Centre, nyumba kubwa iliyoweka pamoja ofisi, studio na mahali pa kuchezea. Baadaye alikuwa na kiwanda chake cha kuchapa diski, IZASON. Aliongoza pia UMUZA, chama cha wanamuziki wa Zaire. Basi mtu mmoja aliweza kushika wimbo tangu kijana anaupiga mluzi mpaka diski inaingia dukani.

Kisha nyakati zilibadilika. Kaseti ilikuja, na kaseti inachapwa na kila mtu nyumbani kwake. Feza ya zaire ilianguka. Uporaji wa Septemba 1991 na ule wa mwanzo wa 1993 uliharibu viwanda na maduka ya Kinshasa. Franco alikuwa amekwisha kufa tarehe 12 Oktoba 1989. Wanamuziki walihamia Paris na Brussels, na studio zikahamia nao.

Kuhusu haki ya mtunzi, inchi haikukosa karatasi. SONECA, shirika la kukusanya haki za watunzi, liliundwa mwaka 1969. Sheria ya haki za watunzi iliwekwa tarehe 5 Aprili 1986. Lakini kati ya karatasi na mfuko wa mtunzi njia ilikuwa ndefu. Mwaka 2011 SOCODA ilichukua nafasi ya SONECA, na Verckys, sasa mzee, aliwekwa kuongoza baraza lake katika miaka ya kwanza. Ugomvi na malalamiko havikukosa, sawa vile zamani. Hata hivyo, tunaona kuna maana katika jambo hilo: mtu aliyewahi kurekodi kwa siri ili apate haki yake, na ambaye baadaye alishika haki za wengine, alimaliza kazi yake mezani pale ambapo swali lilelile linajadiliwa.

Mwaka 2014 kampuni ya Analog Africa ya Ujerumani ilikusanya nyimbo za Verckys na Orkestra Vévé za mwaka 1969 hadi 1978, ikazitoa upya. Vijana wa Ulaya wakaanza kucheza sebene ambayo watoto wa Kongo wameisahau. Kiamuangana Mateta alikufa Kinshasa tarehe 13 Oktoba 2022, akiwa na miaka 78.

9. Na sisi wa Bunia?

Kutoka Kinshasa mpaka Bunia ni karibu kilometa 1,800 kwa njia ya ndege, na kwa barabara afazali tusiseme. Hata hivyo muziki ulifika. Ulifika kwa radio ya taifa, ulifika kwa Radio Candip iliyokuwa inasikika hapa kwetu tangu miaka ya 1970, na ulifika katika masanduku ya wafanyakazi na askari waliotumwa huku. Ulifika pia kwa kuzunguka: diski nyingi za Zaire zilichapwa upya Nairobi, na wafanyabiashara wanaopita Kampala, Mahagi na Aru wakazileta pamoja na vitenge na sabuni. Lingala ya nyimbo iliingia katika Kiswahili chetu kwa mlango huo. Neno nganda tumelitumia katika kurasa hizi bila kulieleza, na hakuna msomaji aliyeshangaa.

Diski zile ziko wapi leo? Nyingi zilipotea katika vita vya 1999 hadi 2003, wakati nyumba za Lumumba, za Mudzipela na za kartye zingine ziliporwa ama kuchomwa. Aliyekimbia alichukua watoto na godoro, hakuchukua diski. Zilizobaki ziko chini ya vitanda, zimepindika kwa joto, na fono ya kuzichezesha hakuna. Wanafunzi wetu wa sekondari wanasikiliza katika telefone nyimbo za kale zilizopigwa upya, na ukiwauliza nani aliyetunga, wanataja yule aliyeweka katika telefone. Tusiwacheke. Hakuna mtu aliyewaambia.

Hatari ni kubwa kuliko kusahau jina moja. Hapa mjini kuna vijana wanaotunga na kurekodi katika vyumba vidogo. Wimbo ukipendwa, asubuhi unachezwa katika kila duka la Boulevard na kila pikipiki, na mtunzi anapita kwa miguu akiusikia, bila hata franga moja. Yule kijana yuko mahali pale ambapo Verckys alikuwa mwaka 1968. Tofauti ni kwamba Verckys alijua nani wa kugombana naye. Kijana wa leo hajui, juu kila mtu amechukua na hakuna aliyechukua.

10. Hitimisho

Tuliuliza wimbo ni wa nani. Maisha ya Verckys hayatupi jibu moja. Yanatuonyesha kwamba kila mara mwenye mashine alijaribu kuwa mwenye wimbo, awe Mgiriki, awe mwana wa inchi, awe telefone. Yanatuonyesha pia kwamba mtu aliyejifunza kazi zote za nyumba anaweza kukataa kuwa mtumishi, lakini hiyo peke yake haitoshi kuwakomboa wenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika agwara ya Waalur kila pembe iko na sauti moja, na hakuna anayesema wimbo ni wake peke yake. Lakini pia hakuna anayefukuzwa mikono mitupu wimbo ukiisha. Pengine wazee wetu walikuwa wamekwisha kufikiri jambo ambalo sheria za mjini bado zinalitafuta.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa wanachama na wasomaji. La kwanza, kila mmoja aulize katika jamaa yake orkestra zilizopiga Bunia na vijijini tangu uhuru, aandike majina ya wapigaji na ya watunzi, na alete karatasi kwa chama. La pili, aliye na diski ama kaseti ya zamani asiitupe; ikaushwe, ifungwe, iwekwe mahali pamoja. La tatu, waalimu wa masomo ya sekondari wafundishe vijana kuandika jina la mtunzi kila wanapoandika ama kuimba wimbo, sawa vile tunavyowafundisha kuandika jina la mwandishi wa kitabu.

Wazee waliocheza Nakomitunaka mwaka 1972 walikuwa vijana wakati ule. Leo wengi wao wamepita miaka 70. Tuwaulize wangali hapa.